Bosi katenga milioni 40 za maslahi ya wafanyakazi, watu wenyewe hawataki bima. Nifanyeje?

Karani_wa_Namanve (mwenye uzi), Jumatatu saa 3 usiku

Wazee na akina mama wa humu, habari za jioni. Nina jambo linanisumbua tangu wiki jana na ofisini sina wa kumuuliza, maana HR ni mimi, mhasibu ni mimi, na printa ikigoma fundi ni mimi.

Niko kwenye kiwanda kidogo cha kupakia bidhaa huku Namanve, Uganda, tuko 64. Wa chini kabisa analipwa 380,000, wengi wako kwenye 450,000 hivi, masupavaiza wanagonga 900,000. Mwezi uliopita bosi katoka semina sijui ya nini kwenye hoteli moja mjini, kaniita, kasema ametenga milioni 40 kwa mwaka za maslahi ya watu, nilete mpango kabla mwezi haujaisha. Sharti lake moja tu, asione tena mtu amesimama mlangoni kwake tarehe 18 anaomba advansi.

Mimi akili ikakimbilia bima ya afya moja kwa moja. Nikaita kampuni moja, wakanipa bei ya 580,000 kwa kichwa kwa mwaka, mfanyakazi peke yake bila familia. Piga mara 64 unapata 37,120,000. Nikajipongeza, nikaenda kununua rolex, ile chapati ya kukunja, ya mayai matatu, kazi imeisha.

Kumbe haijaisha. Kabla ya kusaini nikasema ngoja niwagawie watu vikaratasi bila majina, maswali mawili tu: pesa yako inaisha tarehe ngapi, na mwezi uliopita nini kilikukosesha usingizi. Wazee, nilisoma vile vikaratasi usiku nikafunga begi nikalala na njaa. Wengi wameandika tarehe 15 mpaka 18. Ada ya shule imejaa, kodi ya nyumba, mtoto ana malaria, na kuna kama sita hivi wameandika habari za "yule jamaa wa mkopo" ambaye anakaa na kadi zao za ATM na namba ya siri anaijua, mshahara ukiingia anatoa chake kwanza ndo anakuachia kadi dakika tano. Mmoja kaandika hivi, nanukuu: "Bima ya mimi ya nini, mimi sijaugua tangu 2019, anayeugua ni mtoto." Mwingine kaandika maneno matatu tu: "Nile kwanza jamani."

Sasa bosi anataka bima kwa sababu ndo kasikia semina. Watu hawataki. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Mtu_wa_Tororo

We wape pesa. Milioni 40 gawa kwa 64, kila mtu ajipangie. Mtu mzima huwezi kumchagulia shida zake.

Karani_wa_Namanve

Ndugu yangu hiyo nilipiga hesabu mapema. Milioni 40 kwa watu 64 kwa miezi 12 ni kama 52,000 kwa mtu kwa mwezi. Lakini ukiiweka kwenye mshahara, bosi lazima aongeze asilimia 10 ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, juu yake, kwa hiyo nyongeza yenyewe inabaki 47,300 hivi. Hapo mtu akiwa amepita 410,000 PAYE, kodi ya mshahara, inakula asilimia 30, halafu 5 yake ya NSSF. Kinachofika mfukoni ni kama 30,800. Yaani bosi katoa 52, mtu kaona 30. Si kwamba NSSF imepotea, hiyo ni akiba yake, lakini tarehe 18 haimsaidii.

Mtu_wa_Tororo

Weee. Sikuwahi kuiona hivyo. Sasa ndo naelewa kwa nini tuliongezewa 50 mwaka jana nikaona kama nimeongezewa kiberiti.

Sista_Wadi3

Mimi ni nesi, naomba niseme kitu kuhusu bima kabla hamjaitupa. Na kabla hamjaikumbatia pia.

Nchi hii haina bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada 2021 lakini haukutiwa saini, basi tukabaki hivyo hivyo. Wenzetu Kenya wanakatwa 2.75 ya mshahara wakipenda wasipende, wananung'unika lakini kuna kitu. Sisi hospitali za serikali ziliacha kutoza 2001, ni kweli unaingia bure, ila unapewa karatasi ukanunue dawa nje, na glavu, na wakati mwingine hata pamba. Kwa hiyo mfanyakazi wa 450,000 akiugua mtoto anafanya nini? Anaenda kliniki ya mtaani, analipa 30, 40 elfu, hapati kipimo, anapewa dawa ya malaria na antibayotiki juu, wiki ijayo karudi.

Ndo maana bima ya mfanyakazi peke yake hawaitaki. Mnamkinga mtu mwenye nguvu, kijana wa kubeba maboksi, halafu mke anayejifungua na mtoto wa miaka mitatu mnawaacha nje ya uzio. Mtoto akilazwa, baba haji kazini, na akija akili iko wodini. Bima bila watoto ni ya bosi, si ya mfanyakazi.

Wakala_Kava

Sista nakuheshimu lakini hapo umetupiga bila huruma 😅 Mimi niko kwenye biashara hii. Tatizo si bima, tatizo ni jinsi anavyoinunua. Hiyo 580,000 ina kila kitu ndani, kutibiwa na kwenda nyumbani, meno, miwani, kulazwa. Sehemu inayokula pesa ni ile ya kutibiwa na kwenda nyumbani, maana watu wanaitumia kila wiki, kikohozi, mgongo, kikohozi tena. Ikifika Agosti limiti imeisha na mtu anasema bima ni wezi.

Mwambie wakala wako akutolee bei ya kulazwa tu. Inashuka sana. Ile malaria ya 40,000 inauma lakini mtu atajikwamua. Kinachomzamisha mtu ni upasuaji, ajali ya boda, upungufu wa damu mtoto analazwa siku nne. Hapo ndo anauza kiwanja. Bima ni ya kuzuia kiwanja kisiuzwe.

Na uulize maswali haya kabla ya kusaini: ugonjwa aliokuja nao mtu wanaulipa au hapana, uzazi unasubiri miezi mingapi, na hospitali gani ziko kwenye orodha. Usije ukanunua kadi ya hospitali ya Kololo wakati watu wako wanalala Mukono na Seeta.

Karani_wa_Namanve

Hilo la mwisho limenichoma. Orodha niliyopewa karibu yote ni ya katikati ya jiji. Kesho namrudia.

MamaTwins_Jinja

Wanangu mnaongea bima bima, mbona mtu kakuandikia "nile kwanza" mnampita kama hamjamwona?

Mimi napikia watu wa viwandani huku Jinja mwaka wa kumi na moja huu. Karani, watu wako mchana wanakula wapi na bei gani?

Karani_wa_Namanve

Nje ya geti mama. Kuna vibanda pale, sahani ni 4,000, ukiongeza nyama ni 5,000 na kitu. Wengine hawali, wanakunywa chai na kapati moja wanakaza mpaka jioni.

MamaTwins_Jinja

Haya sikiliza. 4,000 mara siku 26 ni 104,000. Mtu wa 450,000 ukishatoa PAYE 37,000 na NSSF 22,500 anabaki na 390,500. Zaidi ya robo inaishia kwenye kibanda! Sasa mimi nikipikia watu sitini kwa pamoja, posho (ugali), maharage, dodo (mchicha) au kabichi, siku mbili kwa wiki wali, mara moja samaki mkavu wa karanga, sahani inanigharimu 1,500, gesi au mkaa ndani, mpishi ndani. Posho nikinunua magunia wakati wa mavuno inashuka hata zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Karani_wa_Namanve

1,500 mara 64 mara 26 mara 12 = 29,952,000.

Mama. Yaani bosi akitoa 39,000 kwa mtu kwa mwezi, yule mtu anaokoa 104,000??

MamaTwins_Jinja

Ndo nilikuwa nakungoja ufike hapo.

Mhasibu_Mstaarabu

Naongezea kidogo upande wa kodi, maana huu ni uwanja wangu. Chakula unachopika kwenye eneo la kazi kwa ajili ya wafanyakazi wako, na kila mfanyakazi wa kudumu anakipata kwa masharti yale yale, hakihesabiwi kama mapato yake, kwa hiyo hakina PAYE. Hiyo "kwa masharti yale yale" ishikeni, usije ukawapikia mameneja kuku chumba cha pembeni halafu wengine maharage. Matibabu anayolipiwa mfanyakazi nayo hayana PAYE. Lakini ukisema nawapa "posho ya chakula" 39,000 taslimu kwenye slipu, hiyo ni mapato, inakatwa kama mshahara mwingine. Kwa shilingi ile ile, sahani inashinda pesa taslimu. Wenye kampuni wengi hawajui hili wanaongeza pesa wakidhani wamefanya la maana.

Kijana_wa_Ntinda

Na ukimpa 39,000 taslimu mimi namjua anakoipeleka, Arsenal kushinda na magoli zaidi ya mawili na nusu 😂

Mtu_wa_Tororo

Acha kutuanika

Afande_Mstaafu

Habari zenu vijana. Mimi nimekaa jeshini miaka mingi, sasa nafuga kuku Luweero. Nataka kuongelea ile ya advansi maana naona wote mmeikimbia na bosi ndo alianza nayo.

Mtu akija kuomba advansi tarehe 18 si kwamba hana adabu. Mshahara unakuja mara moja kwa mwezi, shida haziji mara moja kwa mwezi. Ada inakuja Februari, inakuja Mei, inakuja Septemba, hiyo inajulikana kama mvua, hata wewe karani unaijua lakini kila mwaka ofisi inashangaa. Sisi tulikuwa na Wazalendo SACCO, ilianza 2005, na nawaambia iliwatoa wengi mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani. Kabla yake askari alikuwa anakopa 200 anarudisha 240 mwisho wa mwezi, akishindwa anakopa tena kulipa ile, mpaka anastaafu analipa riba.

Watu 64 hamuwezi kufungua SACCO yenu leo, ni kazi. Lakini bosi anaweza kuweka milioni 5 pembeni, si za zawadi, ni zake na zinarudi. Mtu anaomba mpaka theluthi ya mshahara wake kwa mfano, anajibiwa siku hiyo hiyo, haulizwi maswali ya mke wala pombe, inakatwa kwa miezi miwili au mitatu bila riba. Na asiende kwa bosi! Aende kwako au kwa kamati ya watu watatu waliochaguliwa na wenzao. Mtu akipiga magoti mara tatu kwa mwaka kuomba hela yake mwenyewe, huyo hata ukimpa bima ya dhahabu ana kinyongo.

Mhasibu_Mstaarabu

Afande umenena. Na kikodi pia iko sawa, mkopo wa mwajiri usio na riba unaanza kuhesabiwa kama faida ya mfanyakazi pale jumla inapopita milioni moja. Hizi za laki moja, laki na nusu haziguswi.

Bosi_Mdogo

Samahani, mimi ni mwajiri, niko na watu 9, duka la vifaa vya ujenzi. Nawasikia mnavyotusema. Biashara ndogo inabanwa kila upande, watu 9 hata kampuni ya bima haikupokei simu vizuri. Mimi nawalipa NSSF na PAYE, mtu akifiwa natoa hema na laki mbili. Hiyo si maslahi?

MamaTwins_Jinja

Mwanangu, msiba ni maslahi na tunakushukuru, munno mukabi, vile vikundi vya kuzikana vya mitaani, zinajua uzito wake. Lakini NSSF usiiweke kwenye sahani ya zawadi. Ile sheria ya 2022 ilisema kila mwajiri, hata mwenye mtu mmoja. Zamani ilikuwa kuanzia watano. Na likizo ya siku 60 za kazi kwa mama aliyejifungua na siku 4 kwa baba ziko kwenye sheria ya ajira tangu 2006, na zile 21 za likizo kwa mwaka. Nimeona matangazo ya kazi wanaandika "tunatoa likizo na NSSF" kama vile wanatoa gari.

Bosi_Mdogo

Sawa mama nimepokea. Ila watu 9 nifanye nini basi?

Sista_Wadi3

Nenda hospitali ya misheni iliyo karibu na duka, au kliniki yenye maabara ya kweli, ongea na utawala. Mnakubaliana bei, mtu wako akija na barua yenye muhuri anatibiwa yeye na watoto, mwisho wa mwezi wanakuletea bili. Unaweka kikomo kwa kila mtu kwa mwaka. Kikizidi mnagawana. Kwetu tunao waajiri wadogo wa namna hiyo na inafanya kazi, mradi ulipe kwa wakati, maana ukichelewa miezi miwili barua yako inaanza kuangaliwa kwa jicho baya.

Mzee_Busia

Mimi niongeze moja la NSSF halafu nilale. Waajiri wengi wanaona wakishakata wamemaliza. Mfundishe mtu kusoma. Mimi nilifanya kazi miaka 14 sehemu moja, sikuwahi kuangalia hata siku moja. 2022 waliposema mwenye miaka 45 na akiba ya miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20, nikaenda na furaha yangu, nikakuta miezi mingi haipo! Slipu inaonyesha nimekatwa, kule hakuna kitu. Nilihangaika mwaka mzima kwenda na kurudi mpaka ikapatikana. Nikachukua 20 yangu nikaezeka nyumba Busia, nashukuru. Pesa inatakiwa ifike kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Sasa hivi kuna NSSFGo kwenye simu, dakika mbili unaona. Karani, tarehe 16 kila mwezi bandika ukutani kwamba imepelekwa. Haikugharimu kitu, karatasi tu.

Karani_wa_Namanve, Jumapili saa 12 jioni

Nimerudi. Nimekuwa kimya maana wiki ilikuwa ya kukimbia.

Wakala alinipa bei ya kulazwa tu, 150,000 kwa kichwa, na nikamlazimisha aongeze hospitali mbili za upande wa Mukono. Watoto kwa bei hiyo hapana, tumekwama hapo. Sista usinirushie sindano. Nilichopata ni kwamba mtu akitaka kuongeza mtoto anaweza kwa bei ile ile ya kundi na tunamkata kidogo kidogo miezi 12. Si nzuri sana ila peke yake mtaani asingeipata bei hiyo.

Kwa hiyo: chakula 29,952,000, kulazwa 9,600,000, jumla 39,552,000. Zimebaki 448,000. Milioni 5 za advansi bosi kakubali kuweka pembeni, na kamati ni dada wa stoo, dereva mmoja na kijana wa kupakia. Bosi alikataa chakula mwanzo, kasema "mimi si shule ya bweni." Nikamwonyesha ile hesabu ya 39 kwa 104, akanyamaza, akaomba kalkuleta, akapiga mwenyewe mara mbili. Halafu kasema sawa lakini Ijumaa yeye pia atakula, aone kama hiyo samaki mkavu ni ya kweli.

NSSF nimebandika ukutani. Watu wanapiga picha.

Getini_Usiku

Mkubwa Karani habari. Mimi nasoma huu uzi toka mwanzo, niko zamu. Mi ni askari wa kampuni ya ulinzi, si hapo kwenu, kwingine, lakini niko Namanve hapo hapo. Naomba kuuliza tu. Kwenye hiyo 64 watu wa geti wako ndani? Na wale wamama wa kufagia?

Karani_wa_Namanve

Afande... hapana. Walinzi wanne na wafagiaji wanne, wote wameletwa na kampuni nyingine, hawako kwenye payroli yetu. Nimekaa na hili swali nusu saa. Wanaopita getini ni 72, mimi nilihesabu 64.

Mhasibu_Mstaarabu

Bima huwezi, mwajiri wao ni mwingine, mbane yeye kwenye mkataba wakati wa kuufanya upya. Lakini sahani angalia hivi. Watu wako 64 kila mmoja ana siku 21 za likizo. Hizo ni sahani 1,344 kwa mwaka ambazo umeziwekea pesa na hakuna wa kuzila. Hao 8 wanahitaji 2,496. Zaidi ya nusu tayari umeshalipia. Zinabaki 1,152, kwa 1,500 ni 1,728,000, toa zile 448,000 ulizobakiza, unatafuta 1,280,000. Kwa mwaka mzima.

Karani_wa_Namanve

Aisee. Hiyo ni laki moja na kitu kwa mwezi. Naipata kwenye mafuta ya jenereta nikiwabana watu wanaochaji simu za nyumba nzima ofisini. Chakula sufuria ni moja, hilo simuulizi mtu. Mama Twins, mpishi apigie watu 72.

MamaTwins_Jinja

Sawa. Ila watu wa zamu ya usiku hawali mchana, uwawekee kwenye hotpoti, na isiwe ukoko.

Getini_Usiku

Asante mkubwa. Nitamwonyesha bosi wa huku huu uzi akija asubuhi. Ila mama, huyo mpishi mwambie askari wa usiku hashibi sahani moja, apime vizuri.